Nilifua Kitambaa Kilichofungwa Kwenye Upanga wa Babu

Admin, jina langu lisionekane. Miji naitaja, maana bila miji kisa hakitaeleweka.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, Mrundi, nimezaliwa na kusomea kambini Tanzania. Sasa naishi mtaa wa Linden, hapa Columbus, na mama yangu. Ni karani katika ofisi ya daktari wa meno, natunza mafaili ya wagonjwa. Wenzangu hunicheka kwa sababu situpi hata kipande cha karatasi kabla sijauliza watu wawili. Naomba mlikumbuke hilo.

Tulipoletwa Marekani, miaka minane iliyopita, tulifikia Louisville. Mzee mmoja Mzungu wa kanisa lililotupokea alinifundisha kusoma Kiingereza mezani kwake jikoni. Namwita Babu, naye analipenda jina hilo. Ukutani kwake ulining'inia upanga wa Kijapani ambao marehemu baba yake alirudi nao kutoka Vita vya Pili vya Dunia, baada ya ofisa mmoja wa Kijapani kuukabidhi siku waliposalimu amri. Mimi ni mwoga, hata kuvuka barabara naogopa, lakini upanga ule ulinishika moyo. Mwaka jana nikanunua wa kwangu wa kwanza kwenye soko la vitu vikuukuu, nikaringa nao wiki nzima. Nikatuma picha kwa mzee mmoja wa Buffalo niliyempata mtandaoni, anayekusanya panga hizo tangu ujana.

Akajibu, "Kijana, huu umetengenezwa juzi. Haujaona vita yoyote."

Babu aliposikia alicheka hadi akakohoa, kisha akaniazima wa kwake. "Jifunzie kwenye upanga wa kweli. Ila mimi naondoka duniani karibuni, na huu si wangu. Nitafutie jina la mwenyewe, niurudishe kwa watoto wake."

Mwezi uliopita yule mzee wa Buffalo aliniomba picha za upanga wa Babu. Hapo ndipo nilipoharibu. Kambini, ukiazima jembe la jirani hulirudishi na udongo. Mama angekurudisha nalo mlangoni. Kwa hiyo nikausafisha kwanza. Chuma sikukigusa, kwa sababu nilisoma kwamba anayeanza asikiguse. Lakini kwenye ala kilifungwa kitambaa kichafu, rangi ya chai, kimekauka kama gome. Nikadhani kimefungwa ili upanga usichomoke. Nikakiloweka kwa sabuni ya unga na dawa ya madoa, kikatoka cheupe. Mama akakipiga pasi, nikakirudisha palepale. Nikajiona mtu mwenye adabu.

Picha zilipofika Buffalo, simu ikalia nikiwa kazini.

"Hicho kitambaa, mbona cheupe?"

"Nimekifua, mzee."

Akauliza haraka, "Kilikuwa na maandishi?"

"Kilikuwa na madoa tu. Meusi meusi, yamepangana kwenda chini."

"Kijana, hayo hayakuwa madoa. Walipokabidhi panga, wengine waliandika jina na mji wao, wakafunga hapo, wakitumaini iko siku zitarudi. Jina lililochongwa kwenye chuma ni la fundi aliyeutengeneza. La mwenyewe lilikuwa hapo."

Nimetafuta picha zote za zamani za nyumbani kwa Babu. Katika kila moja kitambaa kimeelekea ukutani. Nimekasirika. Nimesoma onyo juu ya jasho la vidole, juu ya kutu, juu ya mafuta ya kupaka. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioniambia nisifue.

Mama hakuelewa. "Mtu anakukasirikia kwa sababu umefua?"

"Mama, lilikuwa jina la mtu."

"Jina gani linafanana na uchafu? Si ungeuliza."

"Na wewe ulipopiga pasi, uliuliza?"

Akanitazama sana. "Yule mzee ndiye aliyekufundisha kusoma," akasema, akarudi jikoni.

Wa Buffalo naye ananichanganya. "Ukimwambia hakikuwa na kitu, atakubali. Vingi vimefutika vyenyewe." Kisha akaongeza, "Lakini mimi sijakwambia."

Babu hupiga simu kila Jumapili. "Vipi mjukuu, limepatikana?" Mara tatu nimemjibu, "Bado wanaangalia, Babu." Jumapili iliyopita akasema binti yake atamleta Columbus Jumamosi kuuchukua upanga. Barua kwa familia ile ameshaiandika kwa mkono.

"Nimeacha nafasi ya jina tu," akasema. "Tafuta kalamu nzuri, utalijaza wewe. Mwandiko wako unasomeka kuliko wangu."

Jumamosi ni keshokutwa. Nikisema ukweli, namnyang'anya kitu cha mwisho anachokisubiri. Nikinyamaza, atakufa akiamini kwamba yule Mjapani hakuandika chochote. Kalamu nimeshanunua, sijui kwa nini. Ninyi mnaonizidi umri, niambieni: nikimfungulia mlango, nianze na neno gani?