Nilisingizia Chumvi ya Uroa

Jamani, nimekosa! Nimekosa, na niliyemkosea ni mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye hadi leo anadhani kosa ni lake.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mlandege. Mdogo wangu anaishi Uroa, kijiji cha pwani, na anasoma chuo. Miaka miwili alizunguka na kina mama wakulima wa mwani akiwarekodi sauti, ndiyo kazi yake ya kuhitimu. Wawili kati yao wameshafariki. Sauti zote zilikuwa kwenye kompyuta moja tu, akaniletea niiongezee memori mpya.

"Kaka, na nakala niekee pembeni, n'kuombe."

"Hilo dogo," nikamjibu.

Dogo! Memori ilipoingia, mikono ikaniwasha. Siku zote nilikuwa nikibishana na wenzangu dukani kwamba michezo mikubwa ya kompyuta inakubali kwenye mfumo wa Linux, si lazima Windows. Nikaona hii ndiyo mashine ya kuwaziba midomo. Skrini ikaniuliza: niiweke Linux pembeni ya Windows, au nifute diski nzima? Nikafuta nzima. Nilijiaminisha kuwa nakala nimeshatoa. Kumbe nilinakili folda ya picha tu!

Nikapakua mchezo wa mbio za magari, mzito, ukaijaza diski. Ulichezeka bila kukwama hata mara moja. Wenzangu wakanipigia makofi. Nilipokuja kuzitafuta zile sauti, mchezo ulikuwa umeshakaa juu yake, na kila programu ya kufufua mafaili niliyojaribu haikunipa kitu. Nililia, wallahi.

Laiti ningesema siku ile! Badala yake nikampigia simu, nikamwambia diski imeliwa na chumvi. Uroa kila chuma kinaoza: bawaba, sufuria, baiskeli. Nani atabisha?

Hakubisha. "Mie ndo mjinga, kaka. Nlikuwa nnaieka dirishani, upepo wa bahari wote unaingia. Nisamehe kwa kukusumbua."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi!

Ameacha chuo. Mama anasema hata chakula hali vizuri. Nami kila nikitaka kusema, naahirisha, maana sasa makosa ni mawili.

Juzi alikuja dukani. Simu yake ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. "Nitazamie kaka, chumvi haijaingia?" Nikaifungua, nikaipangusa, nikamwambia ni nzima. Akanishukuru.

Enyi mnaoshika vifaa vya watu, ile ni amana! Majaribio yenu fanyeni kwenye mashine zenu. Na mkiharibu, semeni siku ile ile, kabla mwenye mali hajaanza kujilaumu. Mimi uso kwa uso nimeshindwa, ndiyo maana naandika hapa bila jina.

Lakini najua yeye huusoma ukurasa huu. Mdogo wangu, dirisha lako halikuwa na kosa. Ni mimi.