Shuka la Mashoto

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kufulia ya jiki na shuka lililotoka kupigwa pasi, mimi hukimbilia kufungua dirisha. Ndiyo harufu aliyorudi nayo mama kila adhuhuri kutoka hoteli moja ya Shelly Beach, alikokuwa dobi wa nusu siku. Wewe huenda ukaona ni harufu ya usafi. Kwangu mimi ni ya hofu.

Hofu yenyewe iliingia kwetu Likoni siku mama aliporudi kutoka mkutano wa chama cha wafanyakazi. Mkataba ulikuwa umebadilishwa: wa nusu siku waliokuwapo wangebaki na malipo yao, ila wapya wangeanzia chini. Wenzake walishangilia kwamba hawakuguswa. Mama alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, akasema, "Tumeshakuwa ghali. Sasa watatutoa mmoja mmoja, waingize wa bei rahisi."

Tangu hapo nikawa naogopa kila uso mgeni. Basi si ndiyo akaja Mwende! Msichana wa bara, mcheshi, akapanga chumba kinachotazamana na chetu, na anatafuta kazi. Alinipa biskuti, nikaila huku nimemnunia. Na mama yangu, jamani, mama yangu mwenyewe akamwambia, "Kwetu hotelini wanaandika watu. Njoo nikufundishe kukunja."

Niliona amerukwa na akili. Kila jioni walisimama ukumbini na shuka letu la pekee, kila mmoja kashika pembe zake, wakilikung'uta na kukutana katikati. Mama ni wa mashoto, na alimfundisha vivyo hivyo, kinyume na dunia nzima.

"Ai, Mama Kadzo, mbona naenda kombo?" Mwende alicheka.

"Fuata mkono wangu tu, mwanangu."

Mimi nilisimama mlangoni nikiwatazama. Nilikuwa na hakika kwamba anamfundisha mtu kututoa sisi.

Mwende akaandikwa, kwa malipo yale ya chini. Haukupita muda msimamizi akamwambia mama akae nyumbani mpaka aitwe. Siku hiyo jiko halikuwashwa. Nilimchukia Mwende kwa roho yangu yote.

Kesho yake adhuhuri akaingia mbio, jasho linamtoka. "Mama Kadzo, unaitwa! Wamenipanga na kila mtu, tunagongana mikono, mashuka yanatoka yamepinda. Msimamizi amechoka na mimi!" Mama akajifunga leso, akatoka. Wakakunja pamoja mpaka chama kiliporudi mezani kujadiliana na hoteli na malipo ya wapya yakasawazishwa na ya wa zamani.

Juzi nilikwenda Mtopanga kumwamkia Mwende, ambaye sasa ana wajukuu. Nilimkuta na bintiye wakianua nguo. Wakashika shuka, wakalikunja kwa mkono wa kulia, upesi, pembe juu ya pembe.

"Umejifunza lini hivyo?" nikamwuliza.

"Tangu nyumbani kwetu, kabla sijawajua."

Nikayakumbuka yale mashuka yaliyotoka yamepinda. "Na wangekufukuza wewe siku ile?"

"Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu, Kadzo." Akachomoa shuka jingine kambani. "Haya, shika pembe zako."