Dagaa Wenye Mchanga

Tulikuwa wanne kwenye meza ya dagaa, sokoni Majengo: muuzaji, bibi jirani yangu wa Nsemulwa, mimi na mwanangu mgongoni.

"Dagaa wa Karema hawa. Wameanikwa juu ya vichanja, hawana mchanga kabisa," muuzaji alijisifu.

Bibi alichota, akanusa, akarudisha. "Nataka wenye mchanga."

"Bibi! Wenzako wanaukimbia, wewe unautafuta?" muuzaji alicheka.

"Nilianika dagaa mchangani, ufukweni pale Karema, tangu usichana. Siku hizi ni bandari, yanapita malori. Nami miguu haifiki tena."

Muuzaji aliacha kucheka. Akavuta gunia la zamani la Karema chini ya meza, akaukung'utia mchanga wake kiganjani mwa bibi.

Mimi nilinunua wale safi. Mchanga wa bibi uko kwenye kikombe, dirishani kwake.