Sauti Niliyoimeza Kwenye Mstari wa Chokaa

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, baridi ya asubuhi ikiuma vidole, nami nimesimama katikati ya mistari miwili ya chokaa kwenye barabara ya vumbi inayotoka Kinsevere hadi mjini Lubumbashi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nasubiri kijiti cha mbio za kupokezana, ambacho lazima kipokewe ndani ya mistari ile. Kesho kutwa nawe utasimama kwenye mistari kama ile, ndiyo maana nakueleza jambo ambalo sipendi kulieleza.

Klabu yetu ilikuwa ya Kasungami, pembeni mwa mji. Tulikuwa wakimbiaji wanne: Mwansa wa kuanza, Dédé wa kupokea kwa Mwansa, mimi wa kupokea kwa Dédé, na Yaya Mujinga, dada yetu mkubwa, wa kumalizia mjini. Klabu mbili za kwanza zingepelekwa Kinshasa kwa ndege, kushindana na majimbo mengine. Sisi wengine tulitaka kupanda ndege tu. Dédé alitaka kumwona mama yake.

Mama yake alikuwa ameenda Kinshasa kutafuta maisha, akamwacha kwa bibi akiwa na miaka tisa. Na kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, unajua mwenyewe, si safari ya kupanda basi leo ukashuka kesho. Kwa miaka minane Dédé alimsikia mama yake kwenye simu tu. Kwa hiyo alifanya mazoezi kama mtu anayechimba kisima kwa mikono. Hakukosa hata siku moja.

Aliyetufundisha alikuwa Papa Kabamba, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, futi yake ya kupimia nguo haikutoka shingoni hata siku ya mbio. Aliijua ile barabara. Alijua kwamba vumbi lake likipanda, mtu hamwoni mwenzake hata kwa hatua kumi. Basi alitufundisha kupokezana kwa sauti. Kule uwanjani Kasungami, kati ya mashamba ya viazi, alitufunga macho kwa kitambaa cha mke wake, mmoja akimbie na kijiti, mwingine amwite.

"Mutaita jina ya mwenzako mpaka kijiti kiguse mukono," alisema. "Macho inadanganya. Kama hauite, mwenzako iko kipofu."

Miezi miwili tulifanya hivyo. Wenzangu waliita kama wauza mkaa. Mimi niliita kidogo, kwa sababu sikuwa mtu wa sauti. Nilikuwa nimeishia darasa la sita, na nikiwa mbele ya watu ulimi wangu ulikuwa kama umefungiwa jiwe. Papa Kabamba aliniambia niongeze sauti, nikasema ndiyo, Papa. Kule shambani palikuwa na mbuzi na kunguru tu, nikafaulu.

Lakini siku ya mbio palikuwa na watu. Pembeni yangu walisimama wakimbiaji wa klabu za mjini, suruali zao za michezo zinang'aa, wanacheka kwa Kifaransa. Nyuma ya kamba kulikuwa na wasichana. Nikasema moyoni, ngoja nijaribu sauti kabla hawajafika. Nikaita mara moja, "Dédé!"

Sauti ilipasuka katikati. Ilianza nzito ikaishia juu, kama ya kinda.

"Eh! Nani alileta mbuzi ku mbio?" akauliza kijana mmoja mrefu wa mjini.

"Mumupatie majani," mwenzake akajibu, "iko na njaa, maskini!"

Wasichana wakacheka. Mwanangu, kicheko kile hakikudumu hata muda wa kufunga kamba za viatu, lakini kilinitosha. Nikaufunga mdomo wangu. Nikajiambia, nitainua mkono, Dédé ataniona. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeshaanza kujificha.

Tukaona vichwa vya wakimbiaji kwenye kilima. Wa kwanza alikuwa wa klabu ya mjini, na nyuma yake, hatua chache tu, Dédé! Wa pili! Nyuma yao hapakuwa na mtu karibu. Tulikuwa tunakwenda Kinshasa.

Ndipo lori la madini likatokea upande wa pili. Barabara ilikuwa imefungwa kwa magari asubuhi ile. Sijui lilipita wapi wala nani aliliruhusu. Lilipita kando ya wakimbiaji likaacha ukuta mwekundu. Mbele yangu sikuona kilima tena, wala mti, wala mtu. Nikasikia nyayo tu ndani ya vumbi.

Kijana mrefu wa mjini akaanza kumwita mwenzake kwa nguvu, tena na tena, bila haya yoyote. Yule aliyenicheka! Mwenzake akatokea kama mtu anayevutwa kwa kamba, akampa kijiti, wakaondoka.

Mimi niliinua mkono.

Nikasikia nyayo za Dédé zinakaribia, kisha zinapunguza mwendo, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Alikuwa anasikiliza. Nilijua anasikiliza. Jina lake lilikuwa kwenye koo langu, herufi chache tu, nikaliacha pale. Akapita upande wa pili wa barabara, amefumba macho nusu, machozi mekundu mashavuni, akavuka mstari wa pili na kijiti chake mkononi.

"Rudia! Rudia ku mustari!" mwamuzi akapaza sauti. "Kijiti iko inje!"

Dédé akageuka, akagongana na mtu, akaanguka, akainuka. Aliponifikia, klabu nyingine mbili zilikuwa zimekwisha kupita. Nilikimbia siku ile kama mtu anayefukuzwa na nyuki, mwanangu, nikampita mmoja kabla ya kumpa Yaya Mujinga kijiti, na Yaya Mujinga naye alikimbia hadi akatapika. Tulimaliza wa tatu. Wa pili alikuwa mbele yetu kwa urefu wa nyumba.

Papa Kabamba alitukusanya pembeni. Dédé alifika mwisho, magoti yana damu.

"Dédé, ulikuwa unaenda wapi? Mwenzako iko pale, weye unapita?"

"Nilikuwa nasikiliza sauti, Papa. Sikusikia kitu."

Papa Kabamba akanigeukia. Wote wakanigeukia.

"Weye, Ilunga, uliita?"

Hapo, mwanangu, mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitosha. Lakini mtu aliyeona haya kuita ataona haya zaidi kukiri kwamba hakuita.

"Niliita, Papa," nikasema. "Mara mingi."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; dole hupona. Dédé alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na afadhali ningeiona. Aliniamini.

"Basi ni masikio yangu," akasema polepole. "Nisameheni, bandugu. Nimebakosesha bote."

Ndani ya taksi-basi la kurudi Dédé aliketi mbele yangu, akiingiza kidole sikioni, akikitoa, akikitazama. Akaziba sikio moja akasikiliza kwa la pili, akabadilisha. Safari nzima alifanya hivyo. Tuliposhuka Kasungami alinishika mkono.

"Ilu, unisaidie. Simama kule nyuma. Uniite, tuone kama sikio inasikia ao imekufa. Kama imekufa, Papa aweke mutu mwingine mu fasi yangu."

Akanipa mgongo pale kando ya barabara, akafumba macho, akangoja. Yaya Mujinga na Papa Kabamba walikuwa wamesimama wanatutazama. Mgongo wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi. Nikafungua mdomo kumwita, na kikatoka kitu kingine.

"Sikuita, Dédé. Masikio yako iko muzima. Mimi sikuita."

Akageuka, akauliza sababu tu, "Juu ya nini?"

"Niliona haya. Balinicheka."

"Haya ya nani?" Akanikaribia. "Bale bantu habajue hata jina yako! Mimi ninakujua, Ilu. Mimi!"

Akaondoka. Nilitaka kumfuata, lakini Papa Kabamba akaniweka mkono begani. Nilingoja anipige. Hakunipiga.

"Kumbe sauti ulikuwa nayo," akasema. "Ya kumuita mwenzako ulikosa. Ya kumutupia kosa ulipata mara moja. Mutoto wangu, ile haiko haya. Ile ni kujipenda."

Nimezeeka, na sijasikia neno lililonichoma kuliko lile. Kwa maana mimi nilikuwa nikijiona mnyenyekevu. Watu walisema, Ilunga ni mtoto mpole, hana makelele, nami nikaukubali upole huo kama nguo nzuri. Kumbe kule kwenye chokaa nilikuwa nikijifikiria mimi tu: sauti yangu, uso wangu, kicheko chao. Mtu aliyekuwa kipofu kwenye vumbi kwa ajili yetu sote sikumfikiria.

Dédé alikaa wiki tatu bila kunisemesha, kisha akaja mazoezini akanitupia kijiti bila salamu, nikakidaka. Basi. Kinshasa alifika miaka minne baadaye, kwa treni na kwa mashua, safari ya wiki nyingi. Alinisimulia kwamba mama yake alifungua mlango akamwambia, "Karibu, papa, unamtafuta nani?" Hakumtambua; Dédé alikuwa amekwisha kuwa mwanamume mwenye ndevu. Miaka ile minne sikuweza kumrudishia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu. Sikukatazi kuwa na haya. Haya ni mali ya mtoto aliyelelewa. Lakini haya ina mahali pake. Mwenzako anapokutegemea, fungua mdomo, hata kama sauti ni mbaya, hata kama wanacheka. Watakaocheka watarudi kwao jioni na kukusahau. Na kama umenyamaza, ukakosea, ukaulizwa, usisubiri mwenzako aanze kuyapima masikio yake mwenyewe. Sema saa ileile. Ukweli wa mara moja unauma kama mwiba. Ukweli wa kuchelewa unauma kama mwiba uliovimba.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde barabarani, akupe wenzako wa kweli, akupe miguu isiyochoka, na mdomo usiochelewa.