Tiki ya Makala za Bure

Siku yangu ya kwanza kazini katika maktaba ya mjini, Mkutubi Mkuu, mzee aliyevaa tai hata Jumamosi, alinipa kitambaa cha vumbi na agizo moja. "Binti, usimtajie msomaji kitabu ambacho hatuna rafuni. Utamtia njaa bure." Niliona ni huruma. Nikaishi na agizo hilo miaka yote, kutoka maktaba ile ya mjini hadi ya chuo cha afya hapa Arusha, nilikostaafia.

Ninyi vijana mnadhani mkutubi ni mtu wa kunyamazisha watu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka Mkuu wa Idara alipoingia ofisini. "Mama Eli, madaktari wanataka kufanya mapitio ya kimfumo. Nenda kasome, kisha uje uwafundishe wenzako." Mapitio ya kimfumo ni kukusanya kila utafiti uliofanywa kuhusu swali moja, kuzichuja tafiti hizo, kisha kueleza kwa pamoja zinasema nini. Neno la kushika ni "kila". Mkutubi ndiye mtafutaji: anaandaa orodha ya maneno ya kutafutia, anaingia kwenye hifadhi za makala mtandaoni, na anaandika kila hatua ili mwingine aweze kuirudia. Ni kazi ya kuchosha macho na mgongo. Mpaka leo shingo inaniuma.

Nikafundisha wakutubi sita. Upendo, binti wa Kimeru kutoka Nduruma, aliwapita wote kwa mbali. Tatizo letu ni kwamba makala nyingi zilikuwa za kulipia. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, hizi zilizofungwa nazo tuziorodheshe?"

"Za nini, mwanangu? Daktari atazifungulia wapi? Weka tiki kwenye kile kisanduku cha makala za bure pekee, nyingine zisitokee."

Kwa msomaji wa kawaida lingekuwa jibu zuri. Kwa mapitio ya kimfumo, ni kama kuhesabu ng'ombe walio zizini ukawasahau walio malishoni.

Swali letu lilihusu matibabu ya watoto walioungua moto. Baada ya miezi mingi ya kazi, mhakiki wa nje akaandika sentensi moja: makala za kulipia ziko wapi? Utafutaji ukarudiwa, na zile zilizofungwa zikageuza jibu. Dawa tuliyokuwa karibu kuipendekeza ilikuwa ikichelewesha vidonda kupona. Namshukuru Mungu ilikuwa bado kwenye karatasi.

Kikao kikaitishwa. Mkuu wa Idara akainua ripoti juu. "Nani aliweka tiki hii?"

Upendo akasimama. "Ni mimi, mkuu."

Hakunitazama. Kwetu mtoto hamuumbui mzazi mbele za watu, na mimi nilijificha nyuma ya adabu yake. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Nikafunika kombe. Niliogopa, basi, sina neno jingine. Akaondolewa kwenye utafiti, akarudishwa kaunta kuazimisha vitabu.

Nilimfuata pale kaunta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Upendo, nitawaambia."

"Mama, na wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo." Akamgeukia mwanafunzi aliyefuata kwenye foleni.

Nilikuja kusema siku ya kuagwa. Mkuu wa Idara alikuwa amemaliza kunisifu kwamba naondoka bila doa. Nikasimama. "Lile kosa la tiki ni langu. Upendo alifanya nilichomfundisha."

Ukumbi ukacheka, kisha makofi. "Mama naye kwa unyenyekevu!" akasema Mkuu, akanikabidhi blanketi la zawadi. Ilinipasa nibaki nimesimama, nirudie mpaka wanyamaze. Nikakaa, nikala pilau. Upendo hakupiga makofi.

Sasa vijana huja hapa nyumbani kwangu, mtaa wa Sakina, kuniuliza siri ya kustaafu kwa heshima. Nimechoka na swali hilo. Nimemwandikia Mkuu wa Idara barua mbili, hajajibu, na maelezo haya nayo nitampelekea. Upendo bado yuko kaunta. Katika chuo kizima hakuna anayejua kutafuta kama yeye, na kazi yake ni kuwauliza wanafunzi kama wamekuja na vitambulisho.