Makayabu Yaliyoanikwa Mwambani

Miaka ile ya tisini sikuwa mtu wa kutulia. Nilikula nimesimama, nilikunywa chai nikitembea, na kwenye tramu, hata viti vikiwa vitupu, nilining'inia karibu na mlango utadhani nashuka kituo kinachofuata. Mume wangu alisema nimezaliwa na sisimizi miguuni. Tulikaa mtaa wa Jane and Finch, ghorofa ya juu kabisa, na kila asubuhi nilivuka Toronto nzima kwa basi, treni ya chini ya ardhi na tramu hadi Parkdale, kumtunza bibi mmoja Mnorwei aliyeishi peke yake. Kazi ilikuwa kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa na kuangalia asianguke. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakuwa nakimbizana naye kwa ajili ya mawingu.

Maana bibi huyu, ambaye kutoka kitandani hadi chooni alihitaji mkono wangu, akiona wingu jeusi juu ya ziwa aliinuka mwenyewe. "Mvua!" ananipigia kelele. "Ingiza! Ingiza!" Basi naacha sufuria jikoni, natoka barazani kuingiza nguo, hata kama ni soksi moja iliyobaki kwenye kamba. Siku ambayo hakuna nguo tuliingiza viti. Mara nyingine mvua yenyewe haikunyesha, na bibi hakuona haya hata kidogo. Nikamwambia mume wangu kwamba bibi wangu kichwa kimeanza kumruka.

Nilikuja kujua sababu siku nilipopita duka la Wareno nikakuta makayabu.

Kwa asiyewahi kukaa Kongo, makayabu ni samaki mkubwa aliyepasuliwa, akaondolewa kichwa na uti wa mgongo, akatiwa chumvi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama ubao. Mama yangu aliyauza sokoni Uvira tangu kabla sijazaliwa. Sare zangu za shule zilinuka makayabu. Sisi watoto tuliamini kwamba hiyo ni aina ya samaki, na kwamba yanaogelea hivyo hivyo yalivyo, bapa, bila kichwa, mahali fulani upande wa Kinshasa, kwa kuwa magunia yalitoka Kinshasa. Nilizaa watoto wangu wawili nikiwa bado naamini kwamba makayabu ni ya Kongo kama vile sombe la majani ya muhogo lilivyo la Kongo. Kuyakuta Toronto, yamening'inizwa juu ya kichwa cha Mreno, ilikuwa sawa na kumkuta shangazi yangu nyuma ya kaunta.

Nilinunua kipande, nikakiweka juu ya meza ya jikoni ya bibi, nia yangu kukipeleka nyumbani jioni. Bibi akaingia na kigongo chake, akakiona, akasimama. Akakichukua kwa mikono miwili. Akakinusa, akakikunja kidogo kama mtu anayepima kitambaa, akapitisha kidole gumba pale mfupa ulipokuwa, halafu akakunja uso.

"Hii imekaushwa kwa mashine," akasema.

"Bibi, wewe utajuaje makayabu?"

"Hii ndiyo kazi niliyofanya tangu nina miaka minane," akasema. "Wewe ndiye utaniambia umeijuaje."

Nikamwambia kuhusu Uvira na mama yangu. Akanisikiliza mdomo wazi. Kisha akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Alikumbuka kwamba samaki walipangwa kwa ubora: wale wazuri walikwenda Hispania na Ureno, wa kati Brazili, na waliovunjika au kuungua jua walipelekwa nchi za joto kama yetu, ambako, msimamizi aliwaambia, watu hawachagui.

"Kumbe mlikuwa mnatutupia makapi," nikamwambia.

"Na nyie mlikuwa mnayanunua," akajibu.

Tangu siku hiyo alinipa mji wake kidogo kidogo, mimi nikipiga deki, nikikunja shuka, nikihama chumba hadi chumba, naye akinifuata kwa sauti kutoka kwenye kiti chake. Ulikuwa mji wa visiwa kwenye pwani ya Norwei, miamba mitupu, hauna udongo wa kupanda hata viazi. Hapo zamani watu waliuza mbao kwa meli za Waholanzi. Kisha wageni wakaja kutoka Uholanzi na Uskoti, wakaiangalia ile miamba ambayo wenyeji waliiona ni laana, wakasema hapa ndipo pa kuanika samaki. Mji ukanona. Wafanyabiashara wakajenga maghala hadi ukingoni mwa maji, na meli zao zikaenda kusini zimejaa samaki, zikarudi na chumvi, divai na machungwa. Meli ambayo haikupata mzigo wa kutosha ilijazwa udongo ili isipinduke, na udongo huo ukamwagwa makaburini, kwa sababu mji haukuwa na wa kwake. Bibi alilisema hilo kwa majivuno: watu wa kwao huishi juu ya jiwe la Norwei na kuzikwa katika udongo wa Hispania.

Nyanya yake alimsimulia pia jinsi wafanyabiashara wale walivyofilisika, mmoja akimvuta mwenzake, mpaka watu wakatembea mtaani wakihesabu nyumba zao zilizofungwa mapazia. Baadaye meli za mvuke zikaja, za matanga zikaozea bandarini. Lakini samaki waliendelea, na samaki walikuwa kazi ya wanawake. Wanaume walivua na kusafiri. Wanawake waliosha yale madude kwa maji ya barafu, wakayatandaza mwambani asubuhi, upande wa nyama juu, wakayageuza, na jioni wakayarundika mviringo na kuyafunika kwa vifuniko vya mbao, mawe juu yake. Ilikuwa hivyo kwa wiki na wiki. Jua kali liliyaunguza, mvua iliyaharibu kabisa. Basi wingu likitokea tu, msimamizi alipiga ukelele, na mji mzima wa wanawake uliacha kila kitu: mkate ndani ya tanuri, mtoto ndani ya beseni, mchungaji katikati ya mahubiri. Hakuna aliyeuliza samaki ni wa nani. Kwanza yafunikwe, mengine baadaye.

"Na mchungaji hakukasirika?" niliuliza.

"Mshahara wake ulitoka kwa samaki."

Nilimpenda kuanzia hapo, nasema wazi. Kabla ya hapo nilikuwa namtunza tu.

Mwaka wa tisini na sita, majani ya Toronto yalipoanza kudondoka, vita vikaingia Uvira. Nilisikia kanisani, kabla ya sala ya kwanza, kutoka kwa ndugu mmoja aliyekuwa amepata simu ya Bujumbura. Uvira imeanguka, alisema, watu wamekimbilia milimani na ziwani, wengi hawakuwahi. Mama yangu alikuwa peke yake kule. Nilitoka nje ya kanisa nikazunguka jengo, nikazunguka tena, mpaka mume wangu akaja kunishika mkono.

Simu za Uvira zilikuwa zimekufa. Nilipiga Bujumbura, nilipiga Kigoma kwa watu ambao sikuwajua, niliwaachia namba ya nyumbani na namba ya bibi, kwa kuwa mchana nilikuwa kwa bibi. Nilianza kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Simu ya bibi ilipolia kwa jambo lingine, kinyozi wake au daktari wa miguu, niliwajibu watu vibaya.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba nilimjua mama. Miaka michache nyuma, wanajeshi walipopora soko, wenzake wote walikimbia, yeye akakaa juu ya gunia lake na kukataa kuinuka. Alisimulia kisa hicho kwenye kila harusi. Soko zima lilimsifu, nami nilimsifu pia. Sasa nikimfikiria, sikumwona njiani wala ndani ya mtumbwi. Nilimwona amekaa juu ya gunia.

Nilimwambia bibi hivyo hivyo, nikiwa namfunga vifungo vya sweta. "Hatayaacha makayabu yake. Akikimbia, atarudi kuyachukua. Namjua."

Bibi akaushika mkono wangu juu ya kifungo. Kisha akanieleza jambo ambalo, pamoja na hadithi zote za mji wake, alikuwa amelipita pembeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Wajerumani zilikuja juu ya mji. Nyumba zilikuwa za mbao, zilishika moto mtaa mmoja baada ya mwingine. Yeye, mama yake na majirani walivuka kwa mashua hadi kisiwa kingine, wakajificha chini ya jabali. Ilikuwa mwanzo wa msimu, samaki wa kwanza walikuwa wametandazwa. Mchana mawingu yakakusanyika. Mama yake akatoka chini ya jabali, akatazama juu, akasema, "Nakuja sasa hivi," akarudi na mashua kwenda kuyafunika.

"Akayafunika?"

"Yote. Tuliyakuta yamefunikwa vizuri, mawe juu yake. Yeye tulimkuta upande wa pili wa mwamba, ameshapoa."

Bibi alinitazama kwa macho makavu.

"Yalikuwa chakula cha mji kwa majira yote ya baridi," akasema. "Hayaachwi. Hakuwa na namna."

Nilikasirika, hasira ya kweli. Mtu ana mama yake vitani, wewe unamweleza habari hii? Nilimwachia kifungo cha mwisho bila kukifunga, nikaenda jikoni nikafungulia maji kwa nguvu ili asinisikie nikilia. Jioni nilimwekea chai mezani, nikavaa koti langu. Lakini nikiwa kwenye tramu niliendelea kuisikia ile sauti yake: hayaachwi, hakuwa na namna. Aliisema bila kutikisika, na nikaona kwamba alikuwa ameegemea maneno hayo maisha yake yote, kuanzia mji ulipojengwa upya kwa nyumba za rangi rangi, hadi alipomfuata mume baharia mpaka kwenye maziwa ya Kanada, hadi kiti hiki cha Parkdale. Nami pia nilianza kuyaegemea. Kama mama amekufa, nilijiambia, basi hakuwa na namna.

Theluji ya kwanza ilikuwa imeshayeyuka simu ilipolia. Nilikuwa namkata bibi kucha. Niliinua mkono wa simu nikamfokea aliyepiga, nikidhani ni daktari wa miguu.

"Alo? Ni nani huyo anafoka?" sauti ikasema. "Mi natafuta mutoto wangu."

Nilipiga yowe. Bibi akashika kigongo.

"Mama! Uko wapi?"

"Niko Kigoma, kwa kambi. Niko muzima. Usilie, telefone ni ya watu."

"Ulivukaje? Uliumia? Na makayabu?" Sijui kwa nini niliuliza hilo. Lilinitoka tu.

"Makayabu gani? Nilikuwa nimeshayapanga kwa meza. Nikasikia masasi ya bunduki. Nikaangalia makayabu, nikaangalia miguu yangu. Nikasema, mi niko munene, siwezi kubeba vyote viwili. Nikayaacha vile."

"Hukurudi?"

"Kurudi wapi? Wewe umekuwa muzungu? Yalibaki palepale, wazi, na inzi wake. Atakula aliye na njaa."

Kisha simu ikakatika, au mwenye simu aliikata. Nilicheka, nikalia, nikampigia mume wangu kiwandani, nikaongea mambo ambayo hata mimi sikuyaelewa. Nilipogeuka, bibi alikuwa bado amekaa, mkono mmoja umekatwa kucha na mwingine bado, ananisubiri.

"Yuko hai," nikamwambia. "Yuko hai, bibi!"

"Na samaki?"

"Aliyaacha."

"Hakurudi kuyafunika?"

"Hapana. Aliyaacha mezani, wazi, akaondoka."

"Akaondoka tu," bibi akasema.

Nilitegemea afurahi pamoja nami, na nadhani alijaribu. Midomo yake ilianza kutabasamu. Halafu uso mzima ukaporomoka, na yule mwanamke ambaye hakulia akinisimulia mwamba na mashua, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu. Alipiga kigongo sakafuni. Aliongea kwa lugha ya kwao, haraka haraka, akimgombeza mtu ambaye hakuwemo chumbani, akimuuliza, akirudia kumuuliza. Nilipiga magoti nikamshika mikono. Katika yote aliyosema sikuelewa ila neno moja, kwa kuwa kwao pia mama huitwa mama.