Kartoni Mbili za Kwenda Idjwi

Kwetu Bukavu hakuna kitu kinachotolewa bila viti vya plastiki. Ukileta madawati shuleni, viti. Ukileta bomba la maji, viti. Lazima kuwe na hema, kitambaa cha maandishi, wamama wa kucheza, mkubwa wa kukata utepe na mtu wa kupiga picha. Mpaka utepe ukatwe, kitu chenyewe hakiguswi. Madawati yanarundikwa nje na watoto wanakaa chini kwenye vumbi wakiyatazama. Tunaita hiyo remise. Nimehudhuria remise nyingi kuliko misa, na mimi ni Mkatoliki wa kila Jumapili.

Nasema "kwetu" kwa makusudi. Sitaki mtu afikiri nawasema wengine.

Kazi yangu ilikuwa foni. Waliozaliwa na simu mkononi hawaijui: ni redio ya kuitana kwa mbali, inataka waya mrefu uliofungwa juu ya miti miwili na betri ya gari, basi, haihitaji mnara wa mtu yeyote. Nilianza nikiwa msichana, kwenye chumba kidogo nyuma ya biro ya shirika letu pale Muhumba. Kila asubuhi nilikuwa naita vituo vya afya kimoja kimoja: nani ana mgonjwa, nani ameishiwa dawa, nani ana maiti wa kurudishwa kwao. Unabonyeza kidude, unasema maneno yako, unamaliza na "à toi", yaani zamu yako, kisha unaachia ili mwenzako ajibu. Usipoachia, yeye hawezi kusema. Baadaye simu zikaja, foni zikatupwa depo, na mimi nikawekwa lojistiki kuhesabu majerikani. Wale wa biro wakawa wananiita Mama Foni, kwa kunicheka.

Mudogo wangu alikulia ndani ya kile chumba. Mama yetu alikuwa sokoni mchana kutwa, kwa hiyo akitoka shule anakuja kukaa chini ya meza yangu na daftari zake. Alijifunza kila kitu. Nyumbani, Nyalukemba, alikuwa ananiita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, nipatie chumvi, à toi," na nikinyamaza anaita tena na tena mpaka namrushia chumvi yenyewe. Alikua, akawa mwalimu, akaolewa na mwalimu mwenzake huko Idjwi, kisiwa kile kikubwa katikati ya ziwa letu. Akazaa watatu. Wa tatu alitolewa kwa kupasuliwa, na daktari akamwambia wazi: mwingine akija, uchungu ukianza tu usingoje, panda boti uende hospitali.

Boti ilikuwepo, hapo sina la kusema. Kituo cha afya cha kwao kiko juu ya kilima. Boti ya wagonjwa inafungwa kwenye bandari ndogo upande wa pili, mwendo wa saa tatu kwa miguu kwa mtu mwenye mapafu mazuri. Nesi anapiga simu, boti inazunguka kwa maji, na nusu saa haijaisha iko chini ya kituo. Kila kitu kilitegemea ile simu moja.

Kisha upepo ukaja. Hata sisi Bukavu uling'oa mabati, lakini Idjwi uliwapiga vibaya. Migomba yote ililala, mapaa yaliruka, njia zikakatwa na udongo ulioporomoka, na mnara wa simu ukaanguka. Kisiwa kizima kikanyamaza. Juma zima nilipiga namba ya mudogo wangu nikaambiwa haipatikani. Habari yake ya kwanza ilinifikia kwa karatasi, imefichwa ndani ya kapu la mama mmoja anayeleta mananasi sokoni.

"Yaya," aliandika, "tuko bazima. Upepo ulibeba jikoni tu. Tumbo iko ya miezi munane na natembea sawa bata. Docta wa hapa anauliza kama foni zako zilioza zote. À toi."

Docta ndiye yule nesi. Kwetu kila anayeshika sindano ni docta.

Nilicheka peke yangu, kisha nikachukua funguo za depo. Kwa siku tatu nilisafisha foni kwa brashi na petroli, nikapata mbili zinazosema: moja ya kituo, moja ya bandarini kwa mwendesha boti. Nikatafuta betri, waya, vioo vya kuvuta umeme wa jua. Nilijisikia mtu tena, nisiwafiche. Shefu wetu, mkubwa wa biro, alipoziona zinasema, alinishika mkono akaniambia, "Maman, umetuokoa." Kesho yake nikakuta zimewekwa kwenye kartoni mpya, zimezungushiwa utepe wa gundi wenye alama ya shirika, kama zimetoka Ulaya jana. Foni zilezile zilizokula vumbi miaka yote.

"Utazifikisha, utaziacha, utarudi," shefu alisema. "Hakuna kufungua. Mugeni wa wafadhili anakuya siku ya ine, atafungua yeye mwenyewe mbele ya wakubwa wa kisiwa." Kwetu siku za juma zinahesabiwa kuanzia Jumatatu, kwa hiyo siku ya ine ni Alhamisi.

"Shefu, mudogo wangu iko na tumbo ya miezi munane kule."

"Siku tano tu, maman. Tukifungua mbele, atapiga picha ya nini?"

Hakusema kwa ubaya. Ana watoto, anasali. Alinipa karatasi ya safari, na chini yake kulikuwa na mstari unaosema mzigo utabaki umefungwa mpaka remise. Mwezi ule mikataba ilikuwa inaisha, na kila mtu ofisini alijua kuna watakaobaki na watakaoondoka. Nikasaini. Mkataba nilipewa. Nausema mapema nisije nikausahau.

Nilisafiri na boti ya mizigo, mimi na mabati na sabuni. Kartoni ya kwanza niliiacha bandarini kwa mwendesha boti, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, nikamkataza kuigusa. Ya pili ilipandishwa kilimani mabegani mwa watu wawili. Nilipofika juu nilimkuta nesi, mwanaume mwembamba mwenye buti za matope, na nyuma yake nikaona miti miwili ya mikaratusi imesimikwa, mirefu, imenyooka, kamba tayari juu. Alikuwa amesikia kwamba foni inataka miti miwili. Aliichimbia mwenyewe.

"Maman, miti inakungojea tangu juzi," alisema. "Tufunge?"

"Bado, docta. Kuko remise."

Uso wake ulishuka, lakini hakubishana. Alijua kama mimi ninavyojua: kituo kinachofungua kabla ya remise, safari nyingine hakipewi kitu. Tuliingiza kartoni chumba cha kuzalia, maana ndicho pekee kilichobaki na paa zima.

Mudogo wangu akaja, mikono kiunoni, anatembea kweli kama bata. Alinikumbatia kwa upande kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi. Kisha akaiona kartoni na utepe wake.

"Juu ya nini iko imefungwa?"

Nikamweleza sababu.

"Yaya, weye njo mwenyewe wa foni, hakuna mwingine. Nani atakukataza?"

"Nilisaini."

"Ulisaini karatasi. Mi niko na tumbo."

Alisema akicheka, na nesi alicheka pia, kidogo. Kisu kilikuwa ndani ya sakoshi yangu, mkoba wa begani. Kazi yote ya pale isingefika saa moja, na bandarini ningepita nikirudi. Badala yake nikakasirika, kwa sababu alikuwa na haki. Nilimwambia anataka nifukuzwe, nilimwambia tangu utoto ana haraka ya kila kitu, nilimwambia siku tano hazijaua mtu. Nilisema maneno hayohayo, siyapunguzi.

Aliacha kucheka. Akapangusa vumbi juu ya kartoni kwa kiganja.

"Sawa, Yaya," alisema. "À toi."

Sikumjibu. Boti ilikuwa inaondoka.

Siku ya nne ikafika, mgeni hakufika. Karatasi zake zilikuwa bado zinatafutwa saini. Remise ikasogezwa siku ya pili ya juma lililofuata. Siku hiyo mkubwa wa kisiwa akawa na mkutano, ikasogezwa siku ya sita. Nilikwenda kwa shefu mara mbili. Mara ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho. Mara ya pili aliniuliza kama naona yeye hajui kazi yake. Nikarudi kwa majerikani yangu. Kila asubuhi kulikuwa na boti ya kwenda Idjwi, na kisu kilikuwa bado ndani ya sakoshi, na mimi nilihesabu majerikani. Nikijiuliza leo nilikuwa naogopa nini, jibu linanitia haya kiasi kwamba sijawahi kulisema hata kwa padri.

Siku ya sita tukavuka. Mgeni, shefu, mpiga picha, wote na majaketi ya rangi ya chungwa. Tulipita bandarini kwanza. Foni ya pale haikupangiwa picha, kwa hiyo shefu akasema, "Fungua hiyo haraka, tusichelewe." Nikatoa kisu nikakata. Dakika arobaini, ikawa inasema. Yule mzee wa kofia ya sufu alinishikia ngazi wakati nafunga waya, na hakunitazama usoni hata mara moja. Nilidhani ananuna kwa sababu ya kungojeshwa. Kwetu habari ya kifo haitolewi na mtu baki, tena kwa mtu aliye juu ya ngazi.

Kilimani viti vilikuwa vimepangwa. Wamama walicheza na vitenge vya namna moja, macho chini, sauti ndogo. Mimi nilitafuta tumbo la mudogo wangu kati yao. Nikajiambia amechoka, amebaki nyumbani. Nesi alikuwa amevaa blauzi yake nyeupe ya kazi, iliyopigwa pasi. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanikalisha juu ya jiwe, na alipoona nimekaa ndipo nami nikajua.

"Mutu tuliyemutuma kwako alivuka leo asubuhi," alisema. "Mumepishana naye ku maji."

Ilikuwa jana. Uchungu ulianza saa mbili asubuhi, na damu ikaja nao. Shemeji alikimbia kwenda bandarini kuita boti. Njia ilikuwa imekatwa mahali pawili, akazunguka kwa kutambaa, akafika saa sita. Boti haikuchelewa hata kidogo, ilikuja mbio. Mudogo wangu alifia ziwani, wakikaribia hospitali, na mtoto pamoja naye. Boti ikageuza. Sasa alikuwa amelazwa sebuleni kwake, hatua chache chini ya kituo, wananingojea mimi tumzike. Walitaka kuzuia sherehe, lakini wangetuambia kwa njia gani.

Niliuliza kitu kimoja tu. Niliuliza kartoni ilikuwa wapi.

"Pembeni ya kitanda," nesi alisema. "Tuliweka beseni juu yake." Kisha akasema, "Nilitaka kufungua, maman. Lakini ile ya bandarini nayo ilikuwa mu kartoni, na mi sijue kuzifunga. Weye njo ulijua."

Walituita. Sijui kwa nini miguu yangu ilitii, lakini ilitii, imezoea. Kartoni ilikuwa imetolewa nje, imewekwa juu ya meza yenye kitambaa. Kwenye kifuniko kulikuwa na duara la maji ya beseni, na mtu alikuwa ameweka maua ya plastiki hapo kulifunika. Mgeni akakata utepe kwa mkasi. Picha. Shefu akazungumza juu ya mawasiliano na maisha ya mama na mtoto. Mimi nikapanda miti ya nesi, nikafunga waya, nikaunga betri. Mikono ilifanya kazi yake bila kuniuliza.

"Sasa Mama Foni atatuonyesha," shefu alisema.

Nilibonyeza. "Bandari, bandari, kituo anaita. Unanipata? À toi."

Nikaachia. Sauti ya yule mzee ikatoka safi, kila mtu akaisikia, na kabla hajamaliza nikajua shefu ndiye aliyempangia maneno pale bandarini wakati mimi niko juu ya ngazi.

"Nakupata cinq sur cinq, muzuri kabisa. Boti iko tayari, nakuya sasa hivi. Kuko mugonjwa?" Akasita. "À toi, maman."

Wageni walinitazama, wanatabasamu, wanangojea. Nikabonyeza tena.

"Hapana," nilisema. "Hakuna mugonjwa."

Makofi yakapigwa. Nilipaswa kumaliza na kuachia, ndiyo sheria, nimewafundisha wengi. Sikuachia. Nilibaki nimekibana kidude, na mzee kule bandarini alikuwa anasikiliza makofi tu, hawezi kusema neno, mpaka nesi alipokuja akanifungua vidole kimoja kimoja.